Kadi Zisizokunjwa

Brenda na Kevin,

Asanteni kwa kadi mliyonipa siku ile ya chai ya kuniaga. Nimetanguliza asante ili yanayofuata msiyachukue kuwa matusi. Nilifika nayo nyumbani Sirisia, nikaiacha mezani, nikaingia chumbani kuvua viatu, maana miguu yangu siku hizi jioni ikifika haitaki kusikia habari ya mtu. Dada yangu Agneta akaingia na maziwa, akaiona. Picha yangu mbele, nimevaa suti ya bluu. Maua ya karatasi kuzunguka picha, utepe wa zambarau, na chini jina langu lote mpaka la ubatizo. Mama yangu, dada alipiga nduru! Jirani alikuja mbio na jembe mkononi. "Amekufa saa ngapi," Agneta analia, "na si nimemwona akishuka kwa pikipiki sasa hivi?"

Ilibidi nitoke pekupeku nijionyeshe kwamba niko hai.

Hamkuwa na nia mbaya, najua. Lakini kuna watu walikosea hivyo hivyo kabla yenu, na karibu wamalize mtu. Sasa meza ya kadi ni yenu, na sikuwahi kuwaeleza haya mambo kwa utaratibu kwa sababu kila siku tulikuwa tunakimbia. Vidole vyangu vimechoka na makasi, kalamu navyo vinaishika kwa shingo upande, kwa hivyo someni mara moja muelewe. Vyeo sitaviongelea, havikuwa vingi. Mshahara nao tuuache ulale.

Nilianzia Kitale, mhudumu wa wodi ya akina mama. Mhudumu wa wodi ni yule anayeitwa kila kitu kikimwagika. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya, nikadhani hospitali ni mahali pa kupendeza. Kufikia saa ya chakula vilikuwa vimeshamwagikiwa na mambo ambayo siwezi kuandika hapa, na mimi nimejificha nyuma ya stoo ya mashuka nikilia. Huko nyuma ndiko nilikomkuta Mama Wanjiru, amekaa kwenye kiti bila mgongo, anakata karatasi.

Mama Wanjiru alikuwa mhudumu mkongwe kuliko wote. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri zamani, wakapata shamba huko Kwanza, nje kidogo ya Kitale, wakalima mahindi mpaka wakasahau baridi ya kwao. Aliniangalia, akaangalia viatu, hakusema pole.

"Wee, osha mikono ukae hapa. Unajua kukata duara?"

"Najua."

Akanipa makasi. Nikakata. Akaigeuza ile karatasi huku na huku.

"Hiyo ni kiazi," akasema. "Kata ingine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kadi, na hakuna aliyenituma. Wodi ilikuwa imejaa wanawake waliolala mwezi, miezi, watu wao wako mbali na mahindi hayajipalilii. Mama Wanjiru aliona mtu akilala akiangalia dari siku nzima, hata dawa inachoka ndani yake. Basi akikamilisha kupiga deki, anakaa nusu saa na kutengeneza kadi moja. Moja tu kwa siku, lakini ya mtu mmoja, yenye jina lake. Zile kadi za dukani hakuzitaka. Alisema kadi ya dukani haijui mtu.

Vifaa mnavijua, lakini wacha niseme sababu zake. Makasi ni yale ya kukatia bendeji, yaliyo butu mbele, kwa sababu wodini kuna watoto wanaotembelea mama zao, na kuna watu wazima ambao siku mbaya hutaki waone kitu chenye ncha. Karatasi ngumu ni maboksi ya glavu, ndani ni meupe na hayanyonyi rangi. Gundi ni unga wa ngano na maji, pikeni kama uji, mtie chumvi kidogo isiote ukungu. Vitambaa waombeni mafundi wa cherehani, wao hutupa vipande vizuri kuliko nguo wanazoshona. Na kadi haikai juu ya kabati la kitanda. Mgonjwa amelala chali, hilo kabati atalionaje? Ifungeni kwenye chuma cha miguuni, pale macho yake yanapoangukia akiamka.

Halafu maswali. Hapo ndipo Mama Wanjiru alikuwa mkali kama pilipili. "Usimwulize mgonjwa anaumwa wapi," alikuwa akisema. "Daktari ameuliza, nesi ameuliza, shemeji ameuliza. Wewe mwulize ameacha nini nyumbani." Mama mmoja alituambia ameacha kuku amelalia mayai. Tukamkatia kuku wa kitenge chekundu, makalio yamejaa kadi nzima, na chini tukaandika: Nimekalia, nakungoja. Yule mama alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kama nyuzi zimefunguka.

Maneno "pona haraka" alikuwa ameyapiga marufuku. Mtu yuko kitandani tangu mvua ya kwanza, unamwambia haraka, haraka ya nani?

Na maua ya karatasi laini, yale ya kukunjakunja, hakutaka kuyaona kabisa. Siku moja nilijipendekeza, nikatengeneza waridi nne nikazipanga kwenye kadi. Akazing'oa moja moja.

"Unajua nilikuwa nafanya nini kabla niandikwe hapa?" akaniuliza. "Nilikuwa natengeneza mashada hapo nje, karibu na mochari. Haya maua mikono yangu inayajua. Ni ya jeneza. Hakuna mtu wa huku ambaye hajayaona juu ya jeneza, na wewe unampelekea mtu kitandani?"

"Si ni mazuri tu, mama?"

"Ngai! Hata jeneza huwa zuri."

Mtaniuliza, na wale ambao hawakupona? Walikuwa wengi. Kadi nyingine gundi ilikuwa haijakauka. Mama Wanjiru alikuwa akiifungua ile kadi polepole kabla shuka halijabadilishwa, anaitia kwenye mfuko wa aproni, na kama mtu wa familia yupo anampa, kama hayupo anaenda nayo. Sikuwahi kumwuliza anazipeleka wapi. Mimi zangu niliziweka kwenye sanduku, mpaka sanduku likajaa nikashindwa kulifungua, nikaomba padri mmoja azichome. Siyo kwamba mtu huzoea. Uchovu wa kazi hii si wa mgongo, na likizo haiutoi.

Mama Wanjiru alipostaafu alirudi Kwanza, akaniachia makasi. Mimi nikahamishwa Bungoma, nikashukuru Mungu kwa kuwa karibu na kwetu, nikapewa wodi ya wanaume wa upasuaji, nikaacha kushukuru. Wanaume ni kazi ngumu. Ukimwuliza mwanamume ameacha nini nyumbani anakwambia, "Kila kitu kiko sawa." Unauliza mara ya pili, anageukia ukuta. Lakini nilipata meza, ile ile ya dirishani mnayoitumia, na wakaanza kuniita Mama Kadi.

Hapo ndipo alipoletwa Mzee Barasa.

Alikuwa fundi wa baiskeli, kibanda chake kiko karibu na soko la Sirisia. Mtu mwembamba, mdomo mkali, anajua kila baiskeli ya tarafa nzima kwa mlio wake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, spoku ya gurudumu ikamchoma mguu wa kushoto, akaona ni kitu kidogo. Alipoletwa, vidole vilikuwa vyeusi. Daktari alimweleza bila kuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti, na si wiki ijayo, kwa sababu sumu inapanda. Mzee akasema atawaza. Ilipofika Jumamosi alikuwa karibu kukubali, mtoto wake Wekesa aliniambia.

Jumapili nilikuwa kanisani. Wakaja wodini vijana wa kanisa lingine, na tisheti zao na gitaa, wamebeba kadi walizotengeneza kwa moyo wote. Nasema kwa moyo wote kwa sababu ni kweli. Binti wa mzee alikuwa amewatumia picha kwa simu.

Jumatatu nilipoingia, uji wa mzee ulikuwa umeganda kwenye kikombe. Amegeukia ukuta. Nesi akaninong'oneza, "Amekataa sindano. Amekataa kila kitu. Anasema apelekwe kwake leo." Chini ya kitanda kulikuwa na kadi. Nikaiokota. Imekunjwa katikati kama kijitabu. Mbele ni picha ya mzee, amevaa koti na tai, macho makavu. Maua ya karatasi laini. Utepe wa zambarau. Ndani mstari wa Biblia, na nyuma, Mungu wangu, nyuma wameandika majina: mume wa fulani, baba ya fulani na fulani na fulani, babu ya wengi. Walitaka kumwonyesha kwamba anapendwa na wote.

"Mulembe, Mzee," nikamsalimia.

"Mulembe gani?" Hakugeuka. "Programu yangu imeshapigwa chapa. Imebaki saa ya kutoka mochari tu."

"Hii ni kadi, Mzee. Vijana walikuwa wanakutakia mema."

"Mayi, mama yangu, mimi nimezika watu tangu kabla uzaliwe. Programu ya mazishi naijua. Picha mbele, maua, watoto nyuma. Daktari amewaambia ukweli, wakanificha, na karatasi imewafichua."

Nilicheka kidogo, nikitumaini naye atacheka. Hakucheka. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, na nikaona kwamba mtu huyu anaogopa kabisa, fundi mzima wa maneno, anaogopa kama mtoto. Nikasikia uchungu.

Wekesa akaja, mzee akamwagiza atafute gari. Anataka kufika nyumbani akiwa na akili zake, awaonyeshe mahali pa kumlaza, karibu na migomba, wasije wakagombana. Yule kijana alisimama pale, simu mkononi. Ninyi mnajua kwetu: neno la mzazi akiwa kitandani, mtoto atalirukaje? Ukikataa, baadaye akifa, utalibeba maisha yako yote. Daktari akamwita kando na mimi nikiwa hapo. "Ukimtoa," akasema, "hutamrudisha akiwa hai. Ni siku mbili tatu." Wekesa akasema gari litapatikana kesho asubuhi. Hakulia, lakini alikaa chini kwenye sakafu ya korido na suruali yake safi.

Basi tulikuwa na siku hiyo moja.

Nilijaribu njia yangu ya kawaida. Nikakata kadi ya haraka, jogoo juu yake. Mzee aliona tu imekunjwa katikati, akafunga macho. "Chochote kilichokunjwa kiende," akasema. "Sitaki kukunjiwa karatasi."

Nikarudi mezani. Sijui kama mmewahi kuchoka hivyo, mpaka hasira nazo zinachoka. Nilimkasirikia kila mtu, vijana, binti, mzee mwenyewe, na Mama Wanjiru kwa kunitia kwenye kazi hii. Halafu nikachukua boksi la dripu, lile kubwa, nikakata ubavu wake mmoja. Sikukunja. Ukabaki bapa, kama kibao cha duka. Mke wa mzee, Mama Wekesa, alikuwa ameniambia kwamba kibandani mzee ameacha baiskeli ya mwalimu fulani, imening'inizwa na kamba, haina gurudumu la nyuma, na mwalimu anakuja kila siku kuuliza. Nikachora baiskeli. Nzima, na magurudumu yote. Chini nikaandika: Mwalimu anauliza. Nikaifunga na uzi wa bendeji kwenye chuma cha miguuni, nikaenda kupiga deki.

Niliporudi alikuwa ameshaiona. Bado anaitazama.

"Nani amechora hii?"

"Mimi, Mzee."

"Umewahi kuona baiskeli?"

"Si nimebebwa na baiskeli tangu nizaliwe!"

"Basi ulikuwa umefunga macho." Akainua mkono, akaonyesha na kidole. "Hii inaelekea kushoto, na cheni inaonekana. Cheni ya baiskeli inakaa upande wa kulia. Ikielekea kushoto cheni iko kule ng'ambo, mtu hawezi kuiona hivi. Hii ni baiskeli ya wapi?"

"Nilichora tu, Mzee."

"Ati ulichora tu! Na mteja wangu umemwandika chini yake! Mwalimu akiona atasema Barasa ameharibikiwa na akili. Lete kalamu."

Sikuleta haraka, niliogopa nikikimbia atageukia ukuta tena. Nikaleta. Akajisukuma na viwiko mpaka akaketi, mara ya kwanza tangu jana yake. Akapiga baiskeli yangu mstari mmoja mrefu, kama mwalimu wa hesabu. Kando yake akaanza kuchora yake, inaelekea kulia. Alianza na cheni. Alichora jino moja moja, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Wanaume wa vitanda vya jirani wakaanza kunyoosha shingo.

Mama Wekesa akaingia na chupa ya chai, akamkuta hivyo. Ni mwanamke mnene mpole, sikuwa nimemsikia akisema maneno kumi kwa pamoja. Alisimama akiangalia ile cheni ikiongezeka. Halafu akasema:

"Baba Wekesa, nikuulize. Tangu unioe, ulisimama lini ukiziba pancha?"

Mzee hakuinua kichwa. "Nani anaziba pancha akiwa amesimama?"

"Haya. Na kunyoosha spoku?"

"Nakaa kwenye kigoda. Si unajua."

"Na kufunga cheni?"

Hapo kalamu ikasimama.

"Ninajua," Mama Wekesa akasema. "Kila siku nakuletea chai ukiwa umekaa. Maisha yako yote umekaa. Sasa unataka kwenda kulala karibu na migomba kwa sababu ya mguu ambao hata hukuwa unaufanyia kazi? Na mimi chai nimpelekee nani?"

Mzee aliangalia mguu wake uliofungwa, akaangalia mchoro, akaangalia mkewe kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika ndoo na nilisahau kuiweka chini.

"Mwambie huyo kijana asitafute gari," akasema mwishowe. "Na mwite daktari kabla sijageuza maneno. Lakini wewe Mama Kadi, usitoke na hiyo kalamu, sijamaliza pedali."

Mguu ulikatwa. Alikaa nasi wiki nyingi baadaye, akawa msumbufu ajabu. Kila kadi niliyotengeneza ilipitia kwake kwanza. Ng'ombe wangu alisema ni mbwa. Alikataa nyumba zangu kwa sababu milango haina bawaba. Siku aliporuhusiwa niliona wodi imekuwa kubwa, na sikupenda. Tangu wakati huo sijakunja kadi ya mtu yeyote. Mliponiona nikikata maboksi ya dripu bapa na watu wa ofisini wakiuliza mbona kadi za Bungoma ni kama vibao, hiyo ndiyo sababu. Wale vijana nao sikuwagombeza. Niliwaita mezani, nikawafundisha kuuliza ameacha nini nyumbani, na wengine walirudi kwa miaka mingi.

Mzee Barasa alirudi kwenye kigoda chake. Ile baiskeli ya mwalimu ilitoka, na nyingine nyingi baada yake. Kibao chetu alikipigilia misumari ukutani kibandani, na kila nikipita sokoni siku yangu ya mapumziko, anapaza sauti mbele ya watu wote:

"Mama Kadi! Cheni inakaa upande gani?"

"Kulia, Mzee!"

"Amejua!" anawaambia wateja. "Ilibidi nikatwe mguu ndiyo ajue."

Mwaka jana, wakati wa kupanda, sukari ikamshinda. Haikuwa ghafla, na safari hii hakuogopa, Mama Wekesa aliniambia. Alikufa nyumbani. Nilitoka zamu moja kwa moja nikaenda mazishini na viatu vya kazi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na huzuni, na kusema kweli, nilipofika kwenye hema nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kupewa ile programu. Sikutaka kuiona picha yake na koti na tai. Nilitaka kupita kando, lakini mjukuu wake mmoja alikuwa amesimama njiani akigawa, akaniwekea moja mkononi.

Haikuwa na picha. Hapakuwa na ua hata moja. Ilikuwa ni baiskeli mbili, yangu imepigwa mstari, na yake inaelekea kulia, cheni jino kwa jino, na pembeni bado yanaonekana maandishi ya boksi la dripu. Wamekipiga chapa kile kibao vile vile kutoka ukutani. Nikaigeuza nyuma nione majina ya watoto, halafu nikaona ni karatasi moja tu, bapa. Wekesa alikuja kunisalimia, macho mekundu. Akaniona ninavyoishika.

"Baba alituambia isikunjwe," akasema.

Nilirudi nayo hivyo mpaka nyumbani, nimeishika mikononi njia nzima, kwa sababu haikuingia kwenye mkoba bila kukunjwa.